Sanduku la Mwalimu: "Kitabu kizima wanakiimba, ila kusoma hawajui"

Mbukwenyi wasomaji. Barua za mwezi huu nyingi ni za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, sijui ni kwa vile majibu ya testi yamerudi nyumbani na wazazi mmeona maki au ni walimu wa la kwanza na la pili mmechoka, basi nimeona nizijibu kwa mkupuo. Zingine nimezifupisha mtanisamehe, kuna mama kaandika kurasa tano na tatu kati ya hizo ni za kumsema mama mkwe.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha darasa la kwanza huku Chamwino, ajira mpya. Nina watoto 112 chumba kimoja. Nikiandika ubaoni tukasoma pamoja wanasoma mpaka raha, mtu akipita dirishani anasema hili darasa limeiva. Ila nikimsimamisha mmoja mmoja anabaki kuangalia dari. Mthibiti ubora alikuja akampa mtoto kitabu asome, nilitamani ardhi ipasuke. Nafanyaje na umati huu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza pole, maana mwongozo unasema 45 kwa mwalimu mmoja na wewe umebeba wa walimu wawili na nusu, na hali hii tunayo tangu elimu bila malipo ianze 2016 wazazi wakaleta watoto wote shule, jambo jema lakini madarasa hayakuongezeka kwa kasi ileile. Hilo la majengo tuwaachie TAMISEMI hapo Mtumba, sisi tushughulike na lililo mikononi mwetu.

Kesho fanya hivi. Chukua sentensi wanayoijua vizuri, tuseme kitabuni imeandikwa "Mama anapika ugali". Andika ubaoni "Ugali anapika mama", usiseme kitu, waambie tu wasome. Kama darasa zima litapiga kelele "Mama anapika ugali!" basi umeshapata jibu, hawasomi, wanakumbuka. Wachache utawaona wamekunja uso au wanacheka, hao ndo wasomaji wako na uwaandike majina hapohapo. Hii ndo shida ya kusoma kwa pamoja, watoto kumi wanaojua wanawabeba mia wasiojua na mwalimu anasikia sauti moja tamu.

Tatizo la pili ambalo nahisi unalo ni wimbo wa ba be bi bo bu. Sikatai silabi, Kiswahili kinasomeka kwa silabi na mimi mwenyewe nilifundishwa hivyohivyo, lakini mtoto aliyeimeza kama wimbo ukimuonyesha "bo" peke yake anaanza kimoyomoyo ba, be, bi, ndo afike bo. Akikutana na neno "boga" mpaka amalize kuimba ba na ga ameshasahau alikuwa anatafuta nini. Ndo maana mtaala wa 2015 wa la kwanza na la pili ulivyopunguza masomo na kuweka KKK mbele ulisisitiza sauti za herufi. Sauti, sio jina. M ni "mmm" midomo imefungwa, s ni "sss", na b usiiongezee e mkiani, itoe fupi sana kisha unganisha haraka na irabu, b-a, ba. Ukimfundisha "be" akikutana na b na a atakusomea "bea", na hapo hana kosa.

Tena usiende kwa mpangilio wa a, b, ch mpaka z. Ukishamaliza irabu tano chukua herufi zinazozaa maneno mapema. Kwa irabu na m, k, t tu mtoto anasoma mama, kaka, kuku, kiti, tamu, tikiti, mtu, yaani ndani ya wiki chache anasoma vitu anavyovijua na anajisikia mkubwa. Vigumu kama ng', gh, dh na nyw vingoje. Na kabla hata ya kalamu cheza na masikio: "nimefikiria mnyama, k-u-k-u, nani?" Dakika tano kila asubuhi, bila kitabu, bila daftari, hata ukiwa na mia mbili inawezekana.

Sasa ule umati. Huwezi kumsikiliza kila mtoto kila siku, usijaribu, utaugua. Sikiliza wanane tu kwa siku, wengine wakiwa wananakili au wanachora, ukifanya hivyo watoto wako 112 wanaisha kwa siku 14 za shule, sio hata wiki tatu. Nunua daftari la kaunta, mistari ya majina, na pembeni andika yuko wapi: hajui herufi, anajua herufi, anasoma maneno, anasoma sentensi. Kipimo usihangaike kubuni, watu wa Uwezo, mpango wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walianza 2010 kupita nyumba kwa nyumba na karatasi ya namna hiyohiyo, herufi na silabi, maneno, aya, kisha hadithi ya kiwango cha la pili, na wazo lenyewe lilitoka India kwa shirika la Pratham. Pratham ndo hao waliokwenda mbele zaidi wakaonyesha kwamba ukiwapanga watoto kwa muda fulani wa siku kwa kiwango wanachojua badala ya darasa walilopo, wanapanda haraka. Wewe na mwalimu wa la pili ongeeni, lisaa moja mara tatu kwa wiki mchanganye madarasa, mmoja achukue wa herufi mwingine achukue wa maneno. Mwalimu mkuu akikataa muonyeshe daftari, mwalimu mkuu anapenda kitu chenye mistari.

Na toka nje! Chamwino mchanga upo wa bure. Wapange chini ya mwarobaini kwa mistari, kila mtoto alainishe mchanga mbele yake, wewe toa sauti na wao waandike kwa kidole, unapita nyuma yao unaona macho kwa macho nani kaandika na nani anachungulia kwa jirani. Ubaoni huoni hivyo. Akikosea anafuta kwa kiganja, hakuna X nyekundu na hakuna daftari la kuisha.

SWALI: Mwalimu mimi nafundisha la pili upande wa Chemba, kwetu ni Kagera. Watoto nyumbani wanaongea Kirangi, wengine Kisandawe, Kiswahili wanakikuta shule. Wanasoma "langi" badala ya "rangi", nikiwasahihisha kila neno kipindi kinaisha hatujamaliza mistari miwili. Na wengi wanasoma maneno vizuri ila ukiuliza kilichosomwa hawajui.

JIBU: Hapo kuna mambo mawili umeyafunga mzigo mmoja, yafungue. La r na l kwanza. Mtoto akisoma "langi" halafu akakuonyesha rangi yenyewe, amesoma, ulimi tu ndo wa kwao, kama wako ulivyo wa kwenu maana wahaya nawajua. Usimkatize katikati ya sentensi, mwache amalize, mtiririko wa hadithi ukikatwa kila neno hata mtu mzima anapoteza maana. R na l zipe muda wake siku nyingine kwenye kuandika, mpe kula na kura, kalamu na karamu, mahali na mahari, na atunge sentensi. Hapo ataona mwenyewe kwamba herufi ikihama mambo yanaharibika, mahari hasa, watacheka na watakumbuka.

Hili la pili ndo kubwa. Mtoto anayetamka maneno ya lugha asiyoielewa hata asome haraka vipi hajasoma. Kwa hiyo kabla ya kufungua kitabu ongeeni kwanza. Kama hadithi ni ya sokoni, dakika kumi za maneno ya sokoni, leta nyanya, leta kikapu, waigize kununua na kuuza, wataje kwa Kirangi kisha wewe uwape kwa Kiswahili. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili sawa, lakini hakuna atakayekufunga kwa kumuomba mtoto anayejua zote mbili awaelezee wenzake neno moja. Wewe pia jifunze salamu na maneno kumi ya pale, wazazi watakupenda na mayai utaletewa.

Halafu maswali yako yasiwe yale ya "nani alikwenda sokoni" tu, hayo mtoto anayajibu kwa kutafuta neno kwenye mstari bila kuelewa chochote. Simama katikati ya hadithi uliza "unadhani sasa itakuwaje?" Asiyeelewa hawezi kubahatisha hilo. Na neno refu usimuache alisome kwa silabi mpaka kesho, "ha-wa-ta-ku-ja" akishaweza silabi mfunike sehemu kwa kidole, aone kuja, kisha takuja, kisha hawatakuja. Maneno yetu ni marefu, neno moja lina habari ya sentensi nzima, mtoto asipolikamata kwa vipande vyenye maana anafika mwisho kachoka.

SWALI: Mimi ni mama, nipo Nkuhungu, sikusoma. Mwanangu yupo la pili, mwalimu kasema nimsaidie nyumbani. Nitamsaidiaje na mimi sijui hata jina langu?

JIBU: Mama unaweza, na usione aibu. Jioni ukiwa unasonga ugali mwambie akae karibu akusomee kwa sauti ukurasa mmoja. Wewe Kiswahili unakijua, akisoma kitu kisichoeleweka utasikia tu, mwambie "rudia hapo sijaelewa". Hilo peke yake ni nusu ya kazi ya mwalimu. Ukimaliza muulize kimetokea nini. Siku hakuna kitabu mtegee vitendawili, msimulie ngano za kwenu, msamiati unaingia hivyo. Maharage unayochambua mpe ahesabu, ayagawe mafungu sawa, yakibaki akwambie yamebaki mangapi. Kitu kimoja tu uangalie, akisoma analeta daftari karibu na pua au anakaa mbele kabisa na bado anakodoa? Mpeleke akapimwe macho. Watoto wengi wanaitwa wazito kumbe ubao hawauoni.

SWALI: Mwalimu habari. Naishi Chang'ombe, kijana wangu yupo la tatu. Baada ya shule anamsaidia mama yake genge, wanauza ubuyu, karanga na zabibu zikiwepo. Chenji hakosei hata mara moja, wateja wanamsifu. Hisabati kapata 28 kwa mia. Mwalimu wake anasema hajui kutoa. Nani muongo?

JIBU: Hakuna muongo mzee wangu. Fanya jaribio leo. Muulize kwa mdomo: mteja kachukua za 700 katoa 2,000, unamrudishia ngapi? Atakwambia 1,300 kabla hujafunga mdomo. Sasa mpe karatasi, andika 2000 juu, 700 chini, alama ya kutoa. Usishangae akikuletea 2,700. Kaanza kulia, sifuri kutoa sifuri ni sifuri, tena sifuri, kafika sifuri kutoa saba haiwezekani akaishusha 7 kama ilivyo na 2 akaifuata. Usimgombeze, muulize hivi: "kwa hiyo mteja kakupa elfu mbili, umempa mzigo, na bado umemrudishia elfu mbili na mia saba?" Atacheka mwenyewe.

Hili sio la Dodoma tu. Mwaka 1985 kina Terezinha Nunes Carraher walitoa utafiti wao wa Brazil, mji wa Recife, waliwafuata watoto watano wanaouza barabarani. Wakijifanya wateja, watoto walipata asilimia 98 ya hesabu. Baadaye hesabu za namna hiyohiyo wakawapa kama maswali ya maneno, ikashuka 74, wakawaandikia namba tupu, ikawa 37. Watoto walewale, vichwa vilevile.

Kinachotokea gengeni ni kwamba kijana wako hatoi, anapanda. Kutoka 700 anaongeza 300 inafika 1,000, anaongeza 1,000 inafika 2,000, basi 1,300. Ni njia halali kabisa, mwambie aiandike hivyohivyo, achore mstari, 700 mwanzo, 1,000 katikati, 2,000 mwisho, na juu yake aandike alichoruka. Mwalimu akiona hivyo ataelewa kichwa kinavyofanya kazi. Kisha ndo umlete kwenye ile ya kusimamisha namba. Weka noti mbili za elfu mezani mwambie akupe 700. Hana mia hata moja, afanyeje? Ataenda kwa jirani kutafuta chenji, noti moja ya elfu inakuwa mia kumi, elfu inabaki moja. Hapo muandikie karatasini pembeni ya pesa hatua kwa hatua, 2 inakuwa 1, pale kwenye mia panakuwa 10, kumi toa saba tatu. Kile walimu wanachoita kutoa kwa kuchukua ni chenji, hakuna uchawi, ila darasani tumemfundisha akate na kuandika kamoja juu bila kumwambia kametoka wapi.

Na walimu wa la kwanza na la pili mnaosoma hapa, hii ndo sababu tunasema vitu kwanza, halafu picha, halafu namba. Sio mchezo wa kupoteza muda. Mtoto aliyeanzia kwenye namba tupu anajifunza kupanga alama tu.

SWALI: Watoto wangu la kwanza wakisikia ishirini na tatu wanaandika 203. Nimewaelekeza mpaka sauti imekauka. Mwalimu, Kongwa.

JIBU: Wanaandika wanachosikia, ishirini 20, na tatu 3, wakaunganisha. Kinachokosekana ni mafungu. Wape vihesabio, huko kwenu mbegu za ubuyu hazinunuliwi, vijiti pia, vizibo vya soda omba kwenye magenge. Vijiti kumi vifungwe kamba, hilo ni kumi moja. Wafanye mafungu mawili na vijiti vitatu, wahesabu "kumi, ishirini, ishirini na moja…" wakigusa. Namba za kumi na moja mpaka kumi na tisa hazisumbui maana zinajieleza zenyewe, taabu inaanzia ishirini, thelathini, arobaini, majina ambayo hayafanani na mbili, tatu, nne, kwa hiyo mwezi mzima sema vyote viwili: "makumi mawili, yaani ishirini".

Halafu kata boksi. Kadi ndefu iandike 20, kadi fupi ya nusu yake iandike 3. Mtoto aweke 3 juu ya ile sifuri ya 20. Inasomeka 23 na akiinua 3 anaiona sifuri imejificha chini. Tengeneza 10 mpaka 90 na 1 mpaka 9, seti moja kwa kila dawati. Wakishashika hizo kadi siku kadhaa 203 inaanza kupotea yenyewe, wachache watabaki nayo, hao warudishe kwenye vijiti.

SWALI: Binti yangu yupo inglish midiamu hapa mjini, la kwanza. "Come" anasoma "ko-me", "one" anasoma "o-ne". Nimuhamishe?

JIBU: Hapana, anasoma vizuri sana, kwa Kiswahili. Herufi za Kiswahili zinasema ukweli, za Kiingereza zinabadilika badilika. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wanaoanza kusoma kwa lugha 13 za Ulaya, wa Finland ambako tahajia imenyooka kama yetu mwisho wa darasa la kwanza walisoma karibu kila neno waliopewa, wa Kiingereza kule Scotland kama theluthi tu. Wenye lugha yao hao! Mwache binti asome vitabu vya Kiswahili nyumbani ashike uhakika, na yale maneno korofi ya Kiingereza ayajue kwa sura, machache kwa wiki, huku akiyatumia kwa kuongea. Ila shule ikimpiga marufuku kuongea Kiswahili hata mapumziko, hilo mimi silikubali, kaongee na mwalimu.

SWALI: Ikifika miezi ya uwele na mtama kuiva nusu ya darasa wako shambani kuamia ndege. Wakirudi wamesahau kila kitu. Mwalimu, Bahi.

JIBU: Mvua yetu ni msimu mmoja, kwelea kwelea wakishusha kundi familia inalala njaa mwaka mzima, kwa hiyo ukimwita mzazi mzembe hamtaelewana. Nenda kwenye mkutano wa kijiji kabla ya msimu sio baada, omba wapeane zamu kwa jirani na ndugu wakubwa, watoto wa la kwanza na la pili waachwe waje hata asubuhi mpaka mapumziko. Uji ukiwepo shuleni watakuja wengi zaidi, hilo kamati ya shule ilivalie njuga kwenye mavuno, debe kwa kila kaya sio kubwa mwaka ukiwa mzuri.

Wakirudi usiwaanzishe ukurasa mlipofika. Fungua lile daftari la kaunta, msikilize kila mmoja dakika moja, waliopotea kaa nao kipindi cha kwanza wiki mbili herufi na mafungu ya kumi tu, na wale waliokuwepo wape vitabu vya hadithi wasomeane wawili wawili. Vitabu kama havitoshi vigawe kurasa, nyuzi zake zimeshalegea hata hivyo.